Anwani ya Mama Posta

Alikuwa amestaafu kazi ya dirishani posta, lakini jina lilikataa kustaafu naye. Kuanzia bandari ya Kigoma hadi Mwanga, na kuteremka mpaka Ujiji, ukisema Mama Posta hakuna aliyekuuliza yupi. Mimi wakati huo nilikuwa na steshenari pale Mwanga, chumba kimoja tu: mashine ya fotokopi, kompyuta tatu, na dishi la intaneti juu ya bati, ambalo watu walilisifu au kulilaani kutegemea umeme wa siku hiyo. Alianza kuja kwangu kununua bahasha. Baadaye akawa anakuja kila siku isipokuwa Jumapili, anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, na hata siku alizochelewa hakuna mteja aliyethubutu kukikalia.

Habari za ukoo wake sikuzijua, wala hakuwa mtu wa kuzisema. Najua alihamishiwa Kigoma akiwa msichana, kama walivyohamishwa watumishi wengi wa serikali ambao walipopata barua ya uhamisho walilia kana kwamba wamefungwa. Wenzake wote walirudi makwao. Yeye alibaki. Niliwahi kumuuliza sababu.

"Nirudi kule nikapange barua za nani?" akasema, akaendelea kufuta miwani yake.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na miwani yake aliifunga kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno na alijua hivyo. Ukimpa fomu aijaze, aliijaza polepole kwa makusudi ili uangalie. Kitu kimoja kilimkera kupita vyote, nacho ni anwani mbaya. Nakumbuka mzee mmoja wa Kiha aliyekuja dukani na bahasha imeandikwa, "Kwa shangazi yangu wa kisimani, Kasulu." Mama Posta aliisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima.

"Mzee wangu, shikamoo. Hii si anwani. Hii ni hadithi, na haijaisha."

Watu walicheka, mzee akainamisha uso, nami niliona haya kwa niaba yake. Alikuwa na ukali huo, siwezi kuuficha. Lakini mzee alipoondoka, Mama Posta aliikamata ile bahasha, akaenda nayo stendi, akauliza madereva watatu wa Kasulu kuhusu kisima na mwanamke mwenye mpwa Kigoma, na Ijumaa barua ikafika. Alimtukana mwandishi kisha akamtumikia, na sikuwahi kumwona akifanya la pili bila la kwanza.

Miaka ile ya wakimbizi ndiyo iliyomfanya awe Mama Posta ninayemkumbuka. Warundi waliingia kwa miguu kupitia milimani, Wakongo walivuka ziwa kwa maboti, usiku na mchana. Familia ziligawanyika njiani kama mzigo uliokatika kamba. Ndipo zikaanza kuja barua zilizoandikwa, "Kwa Bizimana, mkimbizi, Tanzania." Kina Bizimana walikuwa mamia. Kanuni ilisema barua ya namna hiyo irudishwe ilikotoka. Yeye aliyewafokea vijana wa posta kwa kugonga muhuri upande, alizichukua barua hizo na kuzitunza ndani ya katoni nyumbani kwake.

"Nizirudishe kwa nani?" alinijibu. "Aliyeandika naye keshakimbia."

Kwa hiyo alipostaafu alikuja kwangu na katoni lile, pamoja na daftari alilokuwa ameandika majina ya watu wanaotafuta na wanaotafutwa. Aliyelitoa daftari hilo kwenye karatasi na kulitia kwenye kompyuta ni Désiré, Mrundi aliyekimbia akiwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, ambaye kwa kibali cha kutoka kambini alikuwa akija kunitengenezea mashine. Alitengeneza ukurasa mmoja mweupe, wenye majina tu. Mama Posta mwanzoni aliutazama kwa dharau. Hauna stempu, hauna muhuri, hata harufu hauna. Lakini aliposikia kwamba mtu aliyeko Zambia au Nairobi anaweza kuusoma saa hiyo hiyo, alisogeza kiti chake hadi mbele ya kompyuta.

Tatizo likawa lile lile la siku zote: anwani. Ukurasa ulikuwa umewekwa mahali pa bure, na anwani yake ilikuwa ndefu kama treni ya Dodoma, yenye mikwaju miwili, vile vistari vya kuegama, kistari cha kujikunja, na tarakimu nne mwishoni. Tuliiandika kwenye vikaratasi tukawapa mabaharia na wafanyabiashara wa dagaa waisambaze. Wiki mbili baadaye nahodha mmoja wa boti la Kalemie, upande wa Kongo, akasimama mlangoni akiwa amekunja uso.

"Mama, nilifika, nikawaita watu, wakajaa. Nikawaambia, andikeni w tatu. Halafu... karatasi ilikuwa imelowa. Mi nikasahau yote. Wakaniangalia tu."

Nilingoja afokewe. Hakumfokea.

"Si kosa lako, baba," alimwambia. "Ile anwani imetengenezwa na mtu mwenye kalamu mkononi na hakuna anayemfukuza."

Jioni ile alimgeukia Désiré. Alitaka kujua kwa nini anwani za intaneti zina mikia. Désiré akamweleza kwamba kila nchi ina herufi zake mbili za mwisho: Tanzania tz, Burundi bi, Kongo cd. Mama Posta aliyejua kwa kichwa nchi zote za kwenye kitabu cha posta, na bei ya stempu ya kila moja, aliomba orodha yote. Tuliichapa. Akaenda nayo nyumbani.

Kesho yake alikuja mapema kabla sijafungua, amesimama nje na daftari kifuani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeokota kitu.

"Unajua Kasulu iko Ulaya?"

Nilidhani anaumwa. Akafungua daftari. Alikuwa ameandika maneno ya Kiswahili na kuyakata mikia kwa kalamu nyekundu. Kasulu, ukiweka nukta kabla ya lu, inamalizikia Luksembagi. Kibondo inamalizikia Jamhuri ya Dominika. Kigoma yenyewe ni kigo, nukta, ma: Moroko. Rafiki yuko kwenye visiwa vya Kiribati, mtoto yuko Tonga, ndugu yuko Guam.

"Neno zima," alisema, akigonga daftari. "Hakuna com, hakuna mkwaju. Mtu anabeba neno analolijua tangu utoto, basi."

Kwa siku kadhaa duka langu lilikuwa kama darasa. Wateja waliokuja kupiga fotokopi ya cheti walijikuta wanatafuta maneno. Désiré alipendekeza nyumbani, kwa kuwa mkia wake, ni, ni wa Nikaragua. Sote tulilipenda. Mama Posta akalikataa papo hapo.

"Usimwambie mtu aliyechomewa nyumba aandike nyumbani."

Désiré aliinamisha kichwa. Nyumba ya kwao yeye mwenyewe ilikuwa imechomwa.

Aliyelipata neno ni Mama Posta, na alilipata bandarini, akiwatazama watu wakiagana. Kuanzia Bujumbura hadi Kalemie, kutoka Kigoma hadi Mpulungu kule Zambia, wasemao Kiswahili fasaha na wenye cha kubahatisha, wote wakiachana husema neno moja. Tutaonana. Na herufi mbili za mwisho ni za Namibia. Ilikuwa bahati kwamba kaka yake Désiré alikuwa muuguzi huko Namibia, mkimbizi naye, na ndiye aliyekwenda kuomba jina lisajiliwe. Tulisubiri mwezi na zaidi. Siku lilipokubaliwa, tuliandika tutaona.na kwenye kompyuta ya katikati, umeme ukakatika, ukarudi baada ya saa mbili, tukaandika tena, na ule ukurasa mweupe ukafunguka. Mama Posta hakushangilia. Alitoa leso akapangusa kioo cha kompyuta.

Ilibaki kazi ya kuwafundisha watu nukta. Mtu akiambiwa "nukta" mara nyingi huisahau au huiweka mwisho, kama alivyofundishwa shuleni. Mama Posta akabuni njia ya kupiga kofi. "Tutaona," anasema, anapiga kofi moja, "na." Kofi ndiyo nukta. Alisimama bandarini pale wanapopanda abiria, na viatu vyake vyeupe vya raba, akiwapigisha makofi mabaharia wenye ndevu. Baada ya muda wapagazi walifanya mchezo: boti likiondoka, mmoja anapaza sauti, "Tutaona!" wote wanapiga kofi, "na!" Wenye haraka waliona ni upuuzi. Lakini boti liliondoka na anwani ndani ya kila kichwa, na hakuna maji yaliyoweza kuilowesha.

Sasa niseme kuhusu uongo wake. Alikuwa mtu wa kweli hadi kuchosha. Ukimuuliza kama gauni limekupendeza ulipaswa kuwa tayari. Lakini ile orodha aliijenga juu ya kuficha. Haikuonyesha mtu yuko wapi. Ilionyesha jina na kijiji alichotoka, basi. Ukimtambua mtu wako, uliandika ujumbe, ujumbe unakuja kwetu, na Mama Posta anakuuliza swali ambalo mwenye kutafutwa mwenyewe alikuwa ameliacha, swali ambalo jibu lake halijulikani ila na wa nyumbani. Mimi nililalamika kwamba tunawachelewesha watu.

Akaja bwana mmoja, shati limepigwa pasi, viatu vimeng'aa ingawa nje ilikuwa vumbi tupu. Alisalimia kwa adabu. Alisema anamtafuta mdogo wake, akataja jina la Mrundi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule kwao. Jina lilikuwamo.

"Amahoro, karibu ukae," Mama Posta alimwambia, akitanguliza salamu ya Kirundi. "Mdogo wako ameacha swali. Anauliza, bibi yenu alikuwa akimwita kwa jina gani la utani?"

Yule bwana akacheka. "Mama, ni zamani. Nimesahau. Niambie tu yuko kambi gani."

"Mtu husahau mengi, kweli." Akavua miwani, akaivaa tena. "Basi nikusaidie. Alihamia Tabora. Nenda ukaulize kwa mkuu wa stesheni."

Bwana akashukuru akaondoka. Yule mwalimu alikuwa Mwanga, hatua mia mbili kutoka dukani, anafundisha watoto Kifaransa kwenye baraza la nyumba. Mama Posta akaniambia nifunge duka. Mchana ule ule tulimpeleka mwalimu kwa polisi na kwa watu wa shirika la wakimbizi, na akahamishwa. Sijui yule bwana alikuwa nani. Sikulalamika tena kuhusu maswali.

Na kuna woga wake. Alikaa kando ya Ziwa Tanganyika zaidi ya nusu ya maisha yake bila kupanda chombo hata kimoja. Maji yakimfika kifundoni alirudi nyuma. Alisema ziwa lile halina chini, na kwamba yeye ni mtu wa nchi kavu na Mungu anajua hivyo. Ndiyo maana siku aliyopanda boti kwenda Mwamgongo naikumbuka kuliko zote.

Alikwenda kwa ajili ya Mama Riziki, fundi cherehani kutoka upande wa Kongo. Usiku wa kukimbia, yeye alisukumwa kwenye boti moja, mumewe Amisi na watoto wao wawili, Riziki na Shabani, wakabaki kwenye jingine. Boti lake lilifika upande wetu. Lile jingine hakuna aliyejua. Miaka mitano watu waliendelea kumwita Mama Riziki, na kila mara aliitikia, "Bee," ingawa hakujua kama Riziki yu hai. Mwishowe akahamia Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Gombe, akawa anashona huko. Swali aliloacha kwenye orodha lilikuwa hili: cherehani yangu ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?

Asubuhi moja kulikuwa na ujumbe kutoka Mpulungu. Mwandishi alisema amesikia anwani kutoka kwa baharia wa meli. Désiré akamrudishia swali. Jibu likaja kabla ya saa sita: "Ilikuwa inaruka mshono ikishona kitambaa chekundu tu. Hakuna aliyeamini ila mimi." Juu ya jibu hilo alikuwa ameandika mengine. Mama Posta aliyasoma yote akiwa amesimama, kisha akaniambia nichape.

"Mpe baharia apeleke," nilisema. Mwamgongo wakati ule hakukuwa na simu, na barabara haikuwepo. Ni boti tu.

"Barua hii haipelekwi na baharia."

Tukapanda kesho yake asubuhi. Alinishika mkono tangu Kibirizi, tulikopandia boti, kucha zake zikaniachia alama, akatapika mara mbili, akasali rozari yote kwa sauti. Mama mmoja wa Kiha aliyeketi na kuku wake alimpa ndimu anuse, akamwambia, "Mwihangane, mama," yaani avumilie. Tulipofika alikaa kwenye mchanga hadi rangi ilipomrudi usoni. Akanawa, akavaa viatu vyake, akauliza nyumba ya fundi.

Mama Riziki alikuwa anashona sare za shule. Alipomwona Mama Posta mlangoni, aliinuka na nguo ikaanguka.

"Mama, weye umepanda maji?" Alijua maana yake. Uso wake ukabadilika.

Mama Posta aliwaomba wateja watoke, nami nikatoka nao. Katika miaka yake yote hakuwahi kusoma barua ya mtu mbele ya wengine. Nilikaa nje ukutani. Kwanza nilisikia sauti yake ikisoma kuhusu kitambaa chekundu, kisha nikasikia Mama Riziki akicheka, kicheko kirefu kinachopanda, na akirudia, "Ni yeye! Ni yeye huyo!" Kisha kilio kilichowaleta majirani mbio.

Amisi na Riziki walikuwa hai. Shabani alikuwa amefariki kwa homa, mwezi wa pili baada ya kufika Zambia.

Nilikuwa nimeuchapa ujumbe ule mimi, najua ulivyoandikwa. Habari ya Shabani ndiyo iliyotangulia. Amisi hakutaka kumficha mkewe hata kwa mstari mmoja. Mama Posta ambaye hakuwahi kugusa nukta ya barua ya mtu, aliupindua, akaanza kusoma lile jibu la chini. Kwenye boti la kurudi nilimuuliza.

"Nilitaka acheke kwanza," alisema, amefumba macho asione maji. "Baada ya hapo asingeweza."

Meli ya kutoka Mpulungu ilipofika wiki tatu baadaye, nilikwenda bandarini na karibu mtaa mzima. Nilimwona Riziki akishuka, msichana mrefu tayari, akimtazama mama yake kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mama Posta hakuja. Alikaa dukani kwangu, akauza bahasha.

Halafu kambi zikaanza kupungua. Warundi wengi wakarudishwa kwao, wengine wakaenda nchi za mbali, Désiré akiwa mmoja wao. Kaka yake akahama Namibia. Simu za mkononi zikaenea, na watu wakaanza kutafutana wenyewe. Mimi nikafunga steshenari nikaingia kwenye biashara ya vifaa vya ujenzi. Siku moja, bila sababu, niliandika anwani ile kwenye simu yangu. Haikufunguka. Hakuna aliyekuwa amelipia usajili wake. Nilikaa na habari hiyo kwa miezi, nikiogopa kumpelekea.

Mwishowe nikaenda. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kasingirima, na macho yalikuwa yamefifia kiasi kwamba alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, nakusikia unavyopumua."

Nilimwambia kuhusu anwani moja kwa moja, kama yeye angefanya. Hakuonyesha huzuni niliyoitarajia. Aliuliza tu, "Na waliobaki?"

"Waliobaki wapi?"

"Kwenye orodha. Wale ambao hawakupatikana."

Nilikuwa nao. Kabla ya kufunga duka nilichapa ukurasa wote, nikauweka kwenye bahasha kabatini. Akaniambia niende nikaulete, na kwa sauti ile ya dirishani, ambayo mtu haijadili. Nikaenda kwa pikipiki, nikarudi.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Jina na kijiji, jina na kijiji. Kila moja alilijua. Huyu alikuwa anachechemea. Huyu alitafutwa na dada zake watatu, kila mmoja peke yake, kwa kuwa hawakuwa wakisemezana. Nilipokosea kutamka jina la Kirundi alinirudisha nyuma nilitamke tena. Jirani alileta chai ikapoa. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kizingitini nilipomaliza ukurasa wa mwisho nikakunja karatasi.

"Hujamaliza," alisema.

"Nimemaliza, mama."

"Umemruka mmoja."

Ni kweli nilimruka. Katika ukurasa wa tatu kulikuwa na jina nililoliandika mimi mwenyewe, siku ambayo yeye hakuwepo dukani, na mahali pa anayetafuta niliweka jina la kubuni. Mjomba wangu, aliyenilea, alivuka kwenda Kalemie kununua mafuta ya mawese wiki ile vita vilipofika mjini huko. Nyumbani tulikwisha kumsomea hitima. Sikutaka mama yangu ajue kwamba bado namtafuta, wala sikutaka mtu yeyote anihurumie kati ya watu waliopoteza zaidi yangu. Miaka yote ile nilifungua ujumbe kila asubuhi kabla Mama Posta hajafika.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mwandiko," alisema. "Ulikuwa umeliandika kwanza pembeni ya daftari langu, kwa penseli, ukalifuta. Nilikuwa naona wakati huo."

Alinyoosha mkono hewani mpaka ukakuta goti langu, ukatulia hapo.

"Msome na yeye."

Nikafungua karatasi, nikatafuta ukurasa wa tatu, nikamsoma, jina lake na Ujiji, kwa sauti kubwa.